Kipimo cha Haiba Hakimchagui Muuzaji

Katika miezi ya karibuni idara yetu ya mafunzo imepokea malalamiko ya wauzaji wa hapa Kenya ambao walijazishwa dodoso la haiba kwenye semina, wakaambiwa kuwa wao ni "watu wa kijani" au "watu wa bluu" (rangi zinazotumika kutaja aina za haiba), kisha baada ya wiki chache wakaondolewa sokoni na kupelekwa kupanga stakabadhi ofisini. Hatuna shaka kwamba waajiri wengi walifanya hivyo kwa nia njema. Hata hivyo, nia njema haikigeuzi kifaa cha darasani kuwa mizani ya kugawia watu kazi.

Mfumo wa aina 16 za haiba, uliotungwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung, pamoja na ule wa DISC, unaogawa watu katika mitindo minne ya tabia na unaotokana na maandishi ya William Marston ya mwaka 1928, una faida moja ya kweli: humkumbusha muuzaji kwamba mteja hafanani naye. Muuzaji mwenye maneno mengi akilielewa hilo hujifunza kunyamaza, na saa mbili zinazotumika kwa zoezi hilo hazipotei.

Mambo huharibika pale aina inapochukuliwa kuwa ukweli wa kudumu. Anayelirudia dodoso baada ya wiki kadhaa mara nyingi hupata aina nyingine, kwa kuwa aliye karibu na mstari unaotenganisha aina mbili huvushwa na jibu moja au mawili tu. Tunaambiwa kila mara, "Lakini yale maelezo ni mimi kabisa!" Naomba tuliache dai hili. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer alimpa kila mwanafunzi wake maelezo ya tabia "yake", nao wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamesoma maneno yale yale.

Katika semina moja niliyoisimamia, binti mmoja hodari aliigiza kumuuzia mkulima tangi la maji. Mkulima alikuwa mkimya, basi binti akaamua upesi kwamba huyo ni "bluu", yaani mtu wa takwimu na maelezo ya kina, akammwagia lita, unene wa plastiki na miaka ya dhamana. Mkulima alitaka kujua jambo moja tu, kama angeweza kulipa baada ya kuvuna mahindi, na hakuulizwa. Tulipolirudia zoezi bila rangi, binti alianza kwa kuuliza, na jambo la malipo likajitokeza mapema.

Sasa sheria, ambayo waajiri huipita haraka mno. Matokeo ya dodoso lenye jina la mfanyakazi ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa hiyo mfanyakazi aelezwe, kabla ya kujaza, data hiyo inakusanywa kwa kusudi gani na nani ataiona. Kilichokusanywa kwa ajili ya mafunzo kisichukuliwe kimyakimya kuamulia uhamisho au kamisheni. Naye ana haki ya kuyaona matokeo yake na kuomba yaliyo na makosa yasahihishwe. Kampuni inayokiuka inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia, kwa kuangalia kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kisingizio kwamba dodoso lilijazwa kwa mkufunzi wa nje hakimwondolei mwajiri wajibu, kwa kuwa mkufunzi huyo alifanya kazi kwa niaba yake.

Mfanyakazi asiyeridhika alalamike kwanza kwa mwajiri kwa maandishi, kisha, asipojibiwa, apeleke lalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90. Aambatishe nakala ya dodoso, barua ya uhamisho na tarehe za vyote viwili, maana lalamiko lisilo na tarehe ni vigumu kulifuatilia.