Seva iliyonyamaza

Asubuhi moja mwenzangu alinijia mbio: amefuta faili kwa bahati mbaya, nimrudishie. Nikamwambia asihangaike, nakala rudufu huchukuliwa kila usiku. Nilipofungua ghala la nakala nikakuta ya mwisho ni ya siku 19 nyuma, na muda wote huo sikuwa nimepata arifa hata moja.

Sababu ilikuwa ya kuaibisha. Kazi ya kuchukua nakala na kazi ya kunitumia barua pepe ikishindikana zote ziliendeshwa na cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, ya seva ileile, na cron yenyewe ndiyo iliyokuwa imezimika. Yaani mlinzi kazimia, na aliyetegemewa kupiga yowe ni huyohuyo.

Tangu siku hiyo nimegeuza utaratibu. Kazi ya nakala ikifaulu hutuma ishara kwenye mashine nyingine kabisa, na mashine hiyo ikikaa saa 26 bila kuipata, simu yangu inalia. Nakala kuchelewa kidogo si kitu, ndiyo maana sikuweka 24. Mfumo wa uangalizi nao hauwezi kuaminiwa kujiangalia wenyewe. Wengi wanaotumia Prometheus, programu ya kufuatilia hali ya seva, huweka arifa iitwayo Watchdog, ambayo kazi yake ni kulia wakati wote. Ikikatika, mpokeaji aliye nje anajua kuna jambo.

Kosa la upande wa pili ndilo nililoliona mara nyingi zaidi: kengele kwa kila kitu. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na msimamizi wa mifumo huzoea vivyo hivyo. Kichakataji kikifika asilimia 90 saa nane usiku, mara nyingi ni ile kazi ya nakala inabana mafaili. Kinatumika, ndicho kilichonunuliwa kufanya. Mimi hutaka kuamshwa maombi ya watumiaji yakianza kurudi na makosa, au majibu yakichelewa kupita kawaida, na hali hiyo ikidumu. Nagios, programu nyingine ya uangalizi, hulishughulikia hilo kwa kurudia ukaguzi mara kadhaa kabla ya kutangaza kwamba tatizo ni la kweli. Prometheus hukuruhusu kusema sharti lidumu, tuseme dakika 10, ndipo arifa itoke. Kwa vipimo vinavyopandashuka, weka viwango viwili: arifa iwake kwenye 90 na isizimike mpaka kipimo kishuke hadi 85. Bila hivyo utapokea jumbe 40 za tatizo moja.

Diski inahitaji neno la pekee, kwa kuwa asilimia hudanganya. Asilimia 10 iliyobaki kwenye diski ya gigabaiti 20 ni gigabaiti 2, ambazo mafaili ya kumbukumbu (logi) ya programu moja iliyochachamaa huzimaliza kabla hujaamka. Kwenye diski ya terabaiti 10 ni terabaiti nzima. Afadhali upime kasi: kwa mwendo wa saa sita zilizopita, diski itajaa baada ya siku ngapi? Prometheus ina fomula ya kukadiria hivyo, predict_linear. Na usisahau inodi, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili, moja kwa kila faili. Programu ikimwaga mamilioni ya vifaili vidogo, diski itakataa faili jipya ilhali kipimo kinaonyesha nafasi tele. Mara ya kwanza tatizo hilo lilinila nusu siku.

Vyeti vya usalama vya tovuti ni rahisi, ila vina mtego wake. Vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vilizoeleka kudumu siku 90 na kujihuisha vyenyewe, hivyo watu huangalia faili lililo kwenye diski na kuridhika. Faili linaweza kuwa jipya huku programu ya wavuti ikiendelea kutoa cheti cha zamani kwa kuwa haijapakia upya. Kagua kwa kuunganika kutoka nje, kama mgeni yeyote.

Simu yangu hupokea tu yale yasiyoweza kusubiri kuche, mengine huenda kwenye foleni ya kazi. Na ujumbe wenyewe useme seva ipi, nini kimetokea, na hatua ya kwanza ni ipi, maana atakayeusoma ana usingizi.

Kila Ijumaa mimi na mwenzangu wa zamu tunapitia kengele zote za wiki. Iliyolia na hakuna aliyefanya lolote, tunairekebisha au tunaifuta. Wiki iliyopita tulifuta tatu; mbili niliziandika mimi.