Programu yako ya zamani bado inaweza kutumika

Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanatuuliza kama programu zao za miaka mingi zimekufa. Hazijafa. Kompyuta itawaka kesho kama ilivyowaka jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya kawaida, yaani masahihisho ya kuziba matundu ya mfumo.

Wala antivirusi haizibi pengo hilo, tumelisema mara nyingi. WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilipoenea Mei 2017 ilipitia tundu la Windows yenyewe. Kiraka kilikuwepo tangu Machi kwa mifumo iliyokuwa ikihudumiwa. Wenye Windows XP, iliyoachwa Aprili 2014, walipewa chao moto ukiwa umeshawaka.

Kwa hiyo, kama programu haina mbadala, iendeshe ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, yenye Windows ya zamani), kwa mfano kwa programu ya VirtualBox, na kadi yake ya mtandao izimwe. Kunakili folda ya programu si kuihamisha! Tafuta kwanza faili la kusakinishia na namba ya leseni, kisha uhakikishe kama programu inahitaji kuidhinishwa na seva ya mtengenezaji, maana seva hiyo ikifungwa hata namba halali inaweza kukataliwa. Kama faili la kusakinishia limepotea, chukua taswira ya diski nzima, yaani nakala ya kila kilichomo, wakati diski bado ni nzima.

Programu za biti 16, zile za kale za enzi ya Windows 3.1, zina shida ya pekee. Windows 10 ya biti 32 iliweza kuziendesha, lakini Windows 11 ni ya biti 64 tu, na kuchezea mipangilio ya upatanifu (ile ya kuiga Windows ya zamani) hakutasaidia. Kwa upande wa Mac, programu za biti 32 ziliacha kufanya kazi kuanzia toleo la macOS liitwalo Catalina, mwaka 2019.

Kuhusu leseni, soma masharti yako. Kwa kawaida mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe huhitaji leseni yake, na programu iliyosakinishwa humo huhesabiwa kuwa usakinishaji mwingine. Kampuni kufungwa hakufuti hakimiliki. Namba za kughushi ni kosa linaloweza kukuletea madai ya fidia, na mara nyingi vifaa vya kuzitengeneza huja na virusi.

Ukimaliza, fungua faili la mwaka jana ndani ya mashine pepe, lichapishe, na utoe nakala ya data kwa CSV, muundo wa maandishi matupu unaosomeka na programu nyingi. Kabla ya hapo, tafadhali, usiitupe kompyuta ya zamani.