Mistari ya Montgomery: kutoka soko la watumwa mpaka eneobunge namba 2

Mimi kazi yangu ni ramani. Sio zile za kubandika ukutani darasani, nasemea za kwenye kompyuta, unaweka barabara, unaweka mito, unaweka idadi ya watu mtaa kwa mtaa halafu unaambiwa haya, chora mpaka hapa. Ndo maana mtu akiniuliza habari za watu weusi wa kusini mwa Marekani huwa sianzi na hotuba za Martin Luther King, naanza na mistari, na mji ninaoutumia siku zote kwa mfano ni Montgomery, Alabama.

Anzia mtoni. Kuna mto Alabama, meli za moshi zilikuwa zinapanda kutoka Mobile, na baadae reli ikafika kutoka upande wa Georgia, mzigo ni pamba inayotoka na watu wanaoingia. Tangu 1808 kuingiza watumwa kutoka Afrika kulishapigwa marufuku kisheria, lakini biashara ya ndani ndo kwanza ikanoga, watu kama milioni 1 hivi walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya juu kama Virginia kwenda huku kwenye mashamba ya pamba. Wakishushwa mtoni walipandishwa kwa miguu mtaa wa Commerce, wamefungwa minyororo, mpaka kwenye ile plaza inaitwa Court Square. Hapo ndo mnada. Mwaka 1859 mji ulikuwa na madalali wa mnada 7 na maghala ya kuhifadhia watumwa 4, yaani kama sisi tunavyokuwa na maghala ya korosho. Tangazo linabandikwa, lina jinsia, umri wa kukadiria, jina la kwanza tu, anajua kazi gani, bei. Mtu wa shamba mwenye nguvu zake dola 1,500, fundi mpaka 3,000.

Sasa simama hapo hapo Court Square, usisogee. Jengo linalotazamana na chemchemi linaitwa Winter Building, Aprili 1861 ndiko ilikotoka telegramu ya kuruhusu Fort Sumter ipigwe mizinga, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza. Hapo hapo tena, jioni ya Desemba 1, 1955, Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, alipanda basi akitoka kazini. Soko, telegramu na kituo cha basi, vyote unavizunguka kabla soda yako haijaisha. Ukipandisha barabara ya Dexter kama dakika 10 kwa mguu unafika jengo la bunge la jimbo, ambako Jefferson Davis aliapishwa Februari 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga, na kabla hujalifikia kuna kanisa la matofali mekundu alilochunga King kuanzia 1954. Kanisa lile lilianza 1877 ndani ya ukumbi uliokuwa ghala la mfanyabiashara wa watumwa. Aliyewahi kufika Mkunazini, Unguja, akaona kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko, ataelewa kwa nini nilikaa kwenye ngazi pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Tuelewane kwenye lugha kwanza maana Kiswahili hapa kinatuchanganya, Alabama yenyewe ni jimbo na sehemu inayochagua mbunge nayo tunaiita jimbo. Wakenya wana neno zuri, eneobunge, naliazima.

Basi eneobunge namba 2 la Alabama, linaloshika Montgomery, mwaka 1872 lilimchagua James Rapier. Mtu mweusi, miaka 7 tu baada ya vita kuisha, na aliyemshinda alikuwa William Oates, kanali wa zamani wa jeshi la wamiliki watumwa. Rapier akaenda Washington, na 1874 akasimama bungeni akasema kati ya Washington na Montgomery, zaidi ya maili elfu moja, hakuna nyumba ya wageni hata moja itakayompa kitanda wala sahani ya chakula. Mheshimiwa mbunge huyo! Mwaka huo huo kwenye uchaguzi akashindwa. Hiyo namba 2 ishikilie, tutairudia.

Kilichofuata watu wengi wanadhani ni vurugu na kamba za kunyongea peke yake. Vilikuwepo, tena sana, eneo la kumbukumbu lililofunguliwa mjini hapo 2018 limeorodhesha walionyongwa bila mahakama zaidi ya 4,400 nchi nzima kati ya 1877 na 1950. Lakini kazi kubwa ilifanywa na karatasi. Katiba ya Alabama ya 1901 iliandikwa Montgomery, na aliyeongoza mkutano alisema wazi lengo ni kuweka utawala wa wazungu kwa njia ya sheria. Mtihani wa kusoma, sharti la mali, na kodi ya kichwa. Hii sio ile waliyotozwa babu zetu wakati wa mkoloni, ile ukikimbia unakamatwa, hii hakuna anayekufuata, dola 1.50 kwa mwaka, ila usipolipa deni linarundikana na bila risiti hupigi kura, basi. Wapiga kura weusi walikuwa zaidi ya 180,000, miaka miwili mitatu baadae hawakufika 3,000.

Susia ya mabasi mnaijua, Parks alipokamatwa watu weusi wa Montgomery waligoma kupanda mabasi siku 381, siirudii. Ninayetaka mumjue ni wakili wa susia hiyo, Fred Gray, kijana wa miaka 24 kesi ya Rosa Parks ilipomfikia, kwa sababu huyu ndo shujaa wa sisi watu wa ramani. Jirani na Montgomery kuna mji wa Tuskegee, wenye chuo cha watu weusi, wasomi wengi, wakaanza kujiandikisha kupiga kura. Bunge la jimbo 1957 halikuwanyima kura, hapana, lilihamisha mji! Mpaka wa Tuskegee ulikuwa mraba wa kawaida, wakauchora upya ukawa na pande 28, unakata nyuma ya nyumba hii, unaruka mtaa ule, na wapiga kura weusi kama 400 wote wakajikuta nje ya mji isipokuwa wanne au watano. Nyumba hazijasogea hata inchi. Mimi nimeuchora ule mpaka mwenyewe kwenye kompyuta, pembe moja baada ya nyingine, na nawaambia kwa uzoefu, hauwezi kuuchora kwa bahati mbaya. Gray akapeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu, 1960 akashinda kwa majaji wote 9.

Mchezo haukufa, ulibadilisha umbo. Alabama ina maeneobunge 7, watu weusi ni kama asilimia 27, yaani kwa hesabu ya sokoni karibu 2 kati ya 7. Fundi wa ramani akitaka wapate 1 anawarundika wengi kwenye eneo moja washinde kwa kishindo kisicho na faida, waliobaki anawanyunyiza kidogo kidogo kama chumvi wasitoshe popote. Kwenye ramani ya miaka ya 2010 kaunti ya Montgomery ilikatwa vipande 3. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 5 kwa 4 kwamba ramani iliyofuata inavunja sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, bunge la jimbo likaleta nyingine yenye ujanja ule ule, mahakama ikaikataa na kumpa mtaalamu wake achore. Novemba 2024 eneobunge namba 2, kutoka Mobile kupitia Montgomery hadi mpaka wa Georgia, likamchagua Shomari Figures. Kutoka kwa Rapier hadi kwake ni miaka 152, na ndo mara ya kwanza Alabama kuwa na wabunge wawili weusi kwa pamoja.

Mjini kwenyewe mambo yalitangulia kidogo. Watu weusi ni kama 6 kati ya 10, na 2019, mji ukitimiza miaka 200, wakamchagua Steven Reed meya wa kwanza mweusi kwa asilimia 67 hivi. Kuna watu huwa wananiambia basi yameisha hayo. Mimi nawapeleka mtaa mmoja tu, ule aliokulia Fred Gray, ulikuwa unaitwa Jeff Davis, ndio, yule yule wa 1861. Mwaka 2021 mji ukaubadilisha ukawa Fred D. Gray. Jimbo lina sheria ya 2017 inayolinda majina na masanamu ya zamani, likautoza mji faini ya dola 25,000. Mji ukalipa, na kibao kipya kikabaki juu.