Mnara wa Peni 40: Sayansi katika Riwaya ya Kigothiki ya London, 1803

Riwaya ya kigothiki, yaani ya vitisho vya kale, inataka jumba kuukuu, mlango usiofunguliwa na siri ya ukoo. Waandishi wengi wakimtia humo msichana mwenye akili ya sayansi, kazi inaharibikia papo hapo: chupa za rangi rangi zinachemka, radi inapiga, maiti inaamka. Msomaji haogopi kwa sababu hajaona chochote kikifanyika. Mimi nashikilia kwamba kitisho kimo kwenye vipimo. Mpe msichana kifaa kimoja tu, nawe ukijue kila kipande chake.

Kifaa ninachopendekeza ni mnara wa Volta, betri ya kwanza, na majira ni kipupwe cha 1803. Machi 1800 Alessandro Volta, mwanasayansi wa Italia, alimwandikia Joseph Banks, rais wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, akieleza jinsi ya kupata umeme kwa kupanga metali mbili na kitu kilicholowa maji ya chumvi. Januari 1803 Giovanni Aldini, mpwa wa Luigi Galvani aliyejaribu umeme kwenye miguu ya vyura, alipitisha umeme wa aina hiyo kwenye maiti ya George Forster, aliyenyongwa kwenye gereza la Newgate, London. Taya likatetemeka, jicho moja likafumbuka, mkono wa kulia ukanyanyuka na kukunja ngumi. Msichana wa miaka 15 aliyesikia habari hiyo mezani ana kila sababu ya kutolala.

Sasa aunde mnara wake, wa shaba na zinki. Upande wa shaba ni rahisi: peni kubwa zilizopigwa mwaka 1797 zilikuwa za shaba tupu, upana wa milimita 36, uzito wa aunsi moja kila moja. Peni 40 ni shilingi 3 na peni 4 (shilingi moja ilikuwa peni 12), kiasi ambacho msichana wa familia ya tabaka la kati anaweza kukikusanya polepole. Akitaka metali ya fedha badala ya shaba, hesabu inabadilika. William Nicholson na Anthony Carlisle, wajaribio wa London, walianza mnara wao mwaka 1800 kwa sarafu 17 za fedha za nusu krauni (shilingi mbili na nusu kila moja), yaani zaidi ya pauni 2. Hapo msichana wako ataiba, na wizi huo ndio mlango wa riwaya nzima.

Zinki ataiyeyusha mwenyewe. Huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, kwa hiyo moto wa jikoni na upawa wa chuma vinatosha. Lakini akiuchochea moto kupita kiasi, zinki hushika moto, huwaka kwa mwali wa kijani-buluu na kutoa nyuzinyuzi nyeupe zinazoelea hewani kama sufi. Akizivuta, baada ya saa kadhaa atatetemeka kwa baridi na homa, kisha itaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Nani nyumbani atajua? Mjakazi ataona theluji ndani ya jiko usiku wa manane, mama ataona binti anayeweweseka bila ugonjwa. Huna haja ya kumleta pepo.

Upangaji: zinki, karatasi ngumu iliyolowa, peni; zinki, karatasi, peni; hadi juu. Akigeuza jozi moja tu kimakosa, hiyo itapingana na nyingine, na nguvu inayopotea ni ya jozi mbili. Mnara wa jozi 40 hufika kama sentimita 30, hivyo unahitaji fito tatu za kioo kuushikilia usianguke. Kosa la kwanza la kila anayejifunza ni kulowesha karatasi kupita kiasi. Uzito wa juu hukamua maji ya chini, maji ya chumvi yakachuruzika ubavuni, na umeme ukapita humo badala ya kupita kwa mwenye mnara. Karatasi ziwe zimelowa bila kudondosha tone. Jozi moja hutoa chini kidogo ya volti moja (neno “volti” usilitumie ndani ya riwaya, halikuwepo). Jozi 40, kwa vidole vilivyolowa, zitamshtua hadi kwenye viwiko. Cheche zitakuwa ndogo mno. Radi iache nje.

Na mnara huchoka. Viputo vya hewa huganda kwenye shaba, nguvu hushuka ndani ya dakika chache, kisha zinki huota ukoko mweupe. Lazima aubomoe na kusugua vipande 80 kwa mchanga na siki. Mwandishi akiniuliza msichana akamatwe lini, jibu langu ni hapa, akiwa na kucha nyeupe na harufu ya siki mikononi.

Maiti ya mtu hataipata. Kisheria, tangu 1752, wapasuaji walipewa miili ya wauaji walionyongwa, na zaidi ya hiyo kulikuwa na waiba makaburi. Chumba cha upasuaji hakikumpokea msichana. Chura wa Januari naye yuko chini ya matope ya kidimbwi. Ila kichwa cha ng'ombe kutoka buchani huingia jikoni bila maswali, na Aldini mwenyewe alitumia vichwa vya ng'ombe. Kiwe kibichi: saa chache baada ya kuchinjwa misuli huacha kuitika, ingawa baridi huchelewesha.

Jambo ambalo karibu kila mwandishi hulikosea ni mtikisiko wenyewe. Msuli haurukiruki muda wote waya ukiwa umegusa. Hujikunja umeme unapoanza kupita, hutulia, kisha huweza kujikunja tena umeme unapokatika. Basi mwone akilini msichana akiwa peke yake, mshumaa wa mafuta ya mnyama unafuka moshi. Anagusa sikio kwa waya mmoja na ulimi kwa wa pili; kope inaruka. Anashikilia, anahesabu hadi ishirini, hakuna kitu. Anapumua, anaondoa waya, na kope inaruka tena, sasa wakati hakuna kinachoigusa.

Mshumaa ukizimika wakati huo, usimpe kibiriti. Viberiti vya kukwaruza vilianza kuuzwa Uingereza 1827. Atapapasa meza atafute jiwe la gumegume, chuma na kitambaa kilichounguzwa, agonge mara kumi au zaidi gizani hadi cheche ishike, na kichwa cha ng'ombe kiko umbali wa mkono.