"Hii si bulozi, Papa, ni ya wema"

Mimi ni nganga, mponyaji wa kienyeji. Juma lililopita mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea kola ya shati la mumewe nimfanyie dawa ya kumrudisha. Ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, jasho bado linanuka. "Papa, hii si bulozi, ni ya wema. Nataka tu arudi kwa watoto wake." Bulozi ni uchawi. Maneno haya nimeyasikia hadi nimechoka.

Watu wanadhani dawa huwa njema kwa sababu anayeitaka ana nia njema. Sivyo, na wazee hawakuipima hivyo. Chukua kabila la Wazande, walioko Uele, kaskazini mwa Kongo yetu, na ng'ambo ya mpaka. Mwingereza Evans-Pritchard, mtafiti wa mila, aliyekaa nao upande wa Sudani miaka ya 1920, aliwakuta na dawa ya kisasi inayoaminika kuua, nao wanaihesabu dawa njema! Ni kwa sababu inahukumu. Inatumwa kwa muuaji asiyejulikana, imtafute mwenye hatia. Ikikosa mwenye hatia, inamrudia aliyeituma. Enzi hizo, aliyemjua aliyemwibia hakwenda kwenye dawa, alimshtaki barazani kwa watawala wa Avongara, ukoo wao wa kifalme. Dawa mbaya kwao ni ile inayotupiwa mtu fulani asiyevunja sheria yoyote, kwa chuki tu.

Sasa rudi kwenye kola. Mwenyewe anajulikana kwa jina, hakushtakiwa popote, hakuulizwa. Nilimwuliza yule mama swali ninalowauliza wote: "Mumeo akiikuta dawa chini ya godoro, utamweleza nini?" Akanyamaza, akaufunga mfuko upya. Nilimtuma kwa shemeji yake mkubwa waitishe kikao cha familia. Kila anayenijia kwa ajili ya ndoa namwambia hivyo hivyo: kikao kwanza. Kumfunga mtu hiari yake ni bulozi, hata ukiipaka pemba.

Na hiyo pemba nayo! Ni udongo mweupe. Kwa Waluba, bilumbu, yaani waaguzi wao, wanapojipaka wanapopiga ramli, weupe wake unawakumbusha mwezi na mababu. Haigeuzi jambo ovu kuwa jema.

Wengine wanasema nganga na mulozi, yaani mchawi, ni mtu mmoja. Lugha zetu zenyewe zinakataa: nganga, mganga, ni shina moja la mponyaji, kutoka Kikongo hadi Kishona, bulozi na ndoki, mchawi kwa Kikongo, vinatoka kwenye kuloga.

Mtoto anayekojoa kitandani au kuweweseka usiku si mulozi. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa bulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu. Anayeniletea mtoto "apimwe" namrudisha mlangoni, na mtoto namshika mkono kwanza, asikie kwa sauti yangu kwamba hana kosa.

Degedege je? Hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Usije kwangu kwanza. Mbebe mtoto hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.