Je, wajua? Saratani yenye makosa mengi ndiyo inayokubali dawa mpya

Juni 2022 ujumbe mmoja ulizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Bagamoyo mpaka ukamrudia aliyeutuma: wagonjwa 12 wa saratani huko New York wamepewa dawa ya majaribio, na kwa wote 12 uvimbe umetoweka. Jioni ile, kwenye baraza letu la kahawa pale Dunda, watu waligawanyika. Kuna waliosema dawa ya saratani imepatikana, kilichobaki ni kuagiza. Na kuna sisi tuliosema ni uzushi, ndugu wa zile habari za ndimu na maji ya moto.

Nilikuwa na sababu ya kupaza sauti. Shangazi yangu ana saratani ya utumbo mpana, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amenipigia: "Mwanangu, hiyo dawa na mimi naipataje?" Nikamjibu asijisumbue, shangazi, hakuna kitu. Hoja yangu niliiona haina tundu. Dawa ya saratani ni sumu, kama ya panya: ikiua panya wa huku, itaua na wa kule. Dawa inayoponya 12 kwa 12 ingeshatangazwa kwenye kila hospitali duniani. Haijatangazwa, basi ni uongo.

Habari ilikuwa ya kweli. Sumu ya panya ndiyo iliyonipoteza.

Dawa yenyewe inaitwa dostarlimab. Wagonjwa 12 walikuwa na saratani ya puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo kabla ya njia ya haja kubwa, na ilikuwa haijasambaa mbali. Walipewa dripu kila baada ya wiki 3 kwa miezi 6. Lakini walichaguliwa kwa jambo moja ambalo ujumbe wa WhatsApp uliliruka: uvimbe wa kila mmoja wao ulikuwa na hitilafu moja katika vinasaba. Na dawa haikuua saratani. Haiigusi kabisa.

Tuanze na hitilafu. Seli inapogawanyika hunakili kitabu chake chote cha vinasaba, herufi zipatazo bilioni 3, tena kwa seti mbili, ya baba na ya mama. Ndani ya kitabu hicho zimo sehemu ambazo ni herufi zilezile zinazojirudia, CACACACACA, mstari mzima. Aliyewahi kuvuta uradi bila tasbihi anajua shida iko wapi. Neno moja ukilirudia mara 33, ulimi hautelezi kwenye neno, unateleza kwenye hesabu. Nimefika 21 au 22? Mnakili wa seli naye hupotea hapohapo: anaongeza CA moja, au anaruka mbili.

Ndiyo maana nyuma yake yupo mkaguzi, mfano wa mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mtoto akisoma. Mtoto akikosea, fimbo inagonga meza, anarudishwa nyuma, anasoma upya. Mwilini kazi hiyo hufanywa hasa na protini nne zinazokwenda wawiliwawili: MSH2 na MSH6 wanagundua kosa, MLH1 na PMS2 wanasimamia kukatwa kwa kipande kibovu ili kinakiliwe tena. Protini moja ikikosekana, ama kwa kurithi hitilafu kutoka kwa mzazi ama kwa jeni kuzimika ukubwani, darasa linabaki halina mwalimu. Makosa yanalundikana. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2015, uvimbe usio na mkaguzi ulikuwa na wastani wa makosa 1,782. Wenye mkaguzi ulikuwa na 73.

Ningeulizwa wakati ule ni upi kati ya hizo mbili ulio mgumu kutibu, ningesema wa 1,782 bila kufikiri. Kwa dawa hizi mpya ni kinyume chake, na sababu yake ndiyo inayonifurahisha katika habari hii nzima.

Kila seli hutandaza nje vipande vya protini inazotengeneza, kama wachuuzi wa soko letu la samaki wanavyotandaza mzigo mezani. Seli T, askari wa kinga ya mwili, hupita meza hadi meza wakikagua. Jeni lenye kosa hutoa protini ya ajabu, samaki asiye wa bahari hii. Saratani yenye makosa 73 inaweza kuwa na samaki mmoja au wawili wa namna hiyo chini kabisa ya fungu, askari akapita bila kuona. Yenye makosa 1,782 imejaza meza nzima madude yasiyojulikana, na inanuka tangu mlangoni.

Sasa kwa nini askari hawaimalizi? Kwa sababu askari ana breki. Begani ana kitufe kiitwacho PD-1, na seli ikikibonyeza kwa mkono wake uitwao PD-L1, askari hutulia. Breki hii si ubaya wa maumbile; bila hiyo, kinga ingetushambulia sisi wenyewe. Saratani imejifunza kuibonyeza. Askari amesimama mbele ya mwizi, anamwona, na mwizi amemwekea mkono begani: tulia bwana, mie mwenyeji.

Dostarlimab inakifunika kile kitufe. Basi. Mengine yote anafanya askari. Tasuku Honjo wa Japani, ambaye maabara yake ndiyo iliyogundua PD-1, alipata Nobeli mwaka 2018 pamoja na James Allison wa Marekani, aliyefanyia kazi breki nyingine.

Hapo hoja yangu ya sumu inaporomoka. Askari ambaye hajaona mwizi, ukimwondolea breki atafanya nini? Ataendelea kupita zake. Dawa za aina hii zilipojaribiwa mwanzoni kwa wagonjwa 33 wa saratani ya utumbo mpana, zilimsaidia mmoja tu. Wengine wangeandika kuwa dawa imeshindwa na kufunga faili. Waliomchunguza yule mmoja walikuta uvimbe wake hauna mkaguzi. Ule utafiti wa 2015, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, ukalipima wazo hilo kwa dawa ndugu iitwayo pembrolizumab: kati ya wagonjwa 10 wasio na mkaguzi, kwa 4 uvimbe ulisinyaa, kati ya 18 wenye mkaguzi mzima, hakuna hata mmoja.

Breki hapa ni za lazima kwa msomaji pia. Kumi na wawili ni wachache. Mwaka 2025 timu ileile ya New York ilieleza kuwa wagonjwa wa puru wamefika 49 na wote uvimbe umetoweka, ila puru si utumbo mpana wote. Kwa utumbo mpana wenyewe, utafiti wa Uholanzi wa 2024 uliwapa wagonjwa dawa mbili za kufungua breki kabla ya upasuaji, na kwa 68 kati ya kila 100 wapasuaji walitoa kipande kisicho na seli hai ya saratani. Wote hao hawakuwa na mkaguzi, na saratani yao ilikuwa haijafika viungo vya mbali. Ikishasambaa, wenye hitilafu hii ni kama 5 tu kati ya 100. Isitoshe, askari aliyefunguliwa breki huweza kumgeukia mwenye nyumba: tezi ya shingo, mapafu, utumbo wenyewe.

Kwa hiyo anayetafuta dawa mpya haanzi na jina la dawa. Anaanza na kinyama. Kile kipande cha uvimbe kilichokatwa hospitali huhifadhiwa ndani ya kitofali cha nta. Mtaalamu wa patholojia hukikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara na kuvipaka rangi, kimoja kwa kila moja ya zile protini nne za mkaguzi. Kiini cha seli kikigeuka kahawia, protini ipo. Kikibaki buluu, mwalimu hayupo.

Majaribio yenyewe hayana ugeni hapa kwetu. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009, na wazazi wanakumbuka fomu, saini na vibali. Jaribio halali la dawa Tanzania hupita kwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa kamati ya maadili ya utafiti. Anayekuomba pesa kwa M-Pesa ili akuingize kwenye "majaribio ya Marekani" hajapita popote.

Nilirudi kwa shangazi nikamwomba radhi, kisha tukafuatilia kile kitofali cha nta. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Akanikabidhi karatasi nisome: vipimo vinne, vyote kahawia.

"Ndiyo vizuri au vibaya?" akauliza.

Nikamweleza kwamba mwalimu wake yupo darasani, tena mzima, na kwamba safari hii ningependa awe mtoro. Alicheka kidogo. Jumatatu alikuwa kwenye dripu yake ya kemo kama kawaida.