Sharti la kujiunga: maana yake na kazi yake katika kikundi

Sharti la kujiunga ni jambo ambalo mtu hutakiwa kulitimiza, kulilipa au kulithibitisha kabla hajahesabiwa kuwa mwanachama. Linaweza kuwa kiingilio, umri, mdhamini, barua ya serikali ya mtaa, mafunzo, au kungoja tu. Wengi huliona kama njia ya kikundi kujipatia fedha, au ya wenyeji kuringia wageni. Kazi yake hasa ni kumfanya asiye na nia ajiondoe mwenyewe mapema, pasipo mtu kumfukuza wala kugombana naye.

Kikundi hakiwezi kusoma moyo wa mtu. Anayetaka kuweka akiba na anayetaka kukopa kisha azime simu huja na salamu zilezile na maneno mazuri yaleyale. Ukiwahoji, pengine tapeli ndiye atakayejibu vizuri zaidi, maana amezoea. Kwa hiyo sharti lenye akili haliulizi swali. Huweka gharama ambayo mwenye nia ataibeba bila shida, na asiye na nia ataiona haina faida kwake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mchezo, au upatu kama wengine wanavyouita. Watu kumi wanatoa shilingi 50,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 500,000. Mgeni akiomba kuingia, akina mama hawamchunguzi sana. Wanamwambia, "Karibu, ila wewe ni namba kumi." Basi. Anayepokea namba moja amekopeshwa na wenzake wote, na akitoroka wiki ya pili hasara ni yao. Wa kumi mambo yake ni kinyume: kabla ya kushika chochote atakuwa ameshatoa mara tisa, yaani 450,000, na yeye ndiye aliyewakopesha wengine. Mwongo hawezi kuikubali namba hiyo, na akianza kulia shida ("jamani mimi nina mgonjwa, nipeni namba mbili") tayari amejieleza. Mzunguko unaofuata, yule aliyevumilia hupewa namba ya katikati. Hakuna katiba iliyoandikwa, lakini mlango una bawabu.

VICOBA (benki ndogo za kijamii) na vikundi vya hisa, ambako wanachama huweka akiba na kukopeshana, hutumia mlango mrefu zaidi, kwa sababu fedha hukaa pamoja kwa muda mrefu. Kasha lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mtu mmoja mbaya akiingia hapo anagusa jasho la kila aliyeketi. Ndiyo maana vikundi vingi huanza na wiki kadhaa za mafunzo kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa: katiba inasomwa, faini za kuchelewa zinapangwa, viongozi wanachaguliwa. Mafunzo yenyewe yana manufaa, sikatai, ila mahudhurio ndiyo kipimo. Asiyeweza kuja Jumamosi saa tisa wakati hakuna fedha mezani, kuna sababu gani ya kuamini atakuja siku ya kurejesha mkopo? Vilevile anayebisha hodi katikati ya mzunguko huambiwa asubiri mzunguko mpya, au alipie hisa za nyuma ili alingane na wenzake.

Halafu kuna kiingilio cha fedha, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Kiingilio kidogo kinatosha kuonyesha kwamba mtu hakuja kutazama tu. Kikipandishwa sana, kinaacha kupima nia na kuanza kupima mfuko. Muuza mboga mwaminifu anabaki nje, na mwenye gari asiyelipa madeni anaingia akiwa amekunja nne. Umri nao una tatizo la namna hiyo. Miaka 18 ina sababu ya kisheria, mtu awe anaweza kuingia mkataba. Lakini wanaodhani wakiweka miaka 35 watakuwa na kikundi chenye watu wazima kitabia, hawajawahi kukaa kwenye kikao ambacho babu wa miaka 60 amekataa kulipa faini ya shilingi 1,000.

Sharti zuri hupima kitu kilekile ambacho jumuiya inakilinda. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alieleza habari za kijiji cha Törbel huko Uswisi, ambako malisho ya mlimani yalikuwa ya pamoja. Hati ya kijiji ya mwaka 1483 ilisema mgeni aliyenunua shamba kijijini hapati kwa ununuzi huo haki ya malisho. Na kanuni ya mwaka 1517 ilimzuia kila mtu kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko aliowaweza kuwalisha majira ya baridi. Hilo la pili ni zuri sana. Kwa kanuni hiyo, waliokuwa wakilinda nyasi hawakuuliza fedha wala ukoo. Waliuliza umekata majani makavu kiasi gani, jambo ambalo huwezi kulidanganya Januari theluji ikiwa imefunika kila kitu. Ostrom aliuweka mpaka unaoeleweka wa nani yumo na nani hayumo kuwa kanuni ya kwanza kati ya zile alizoziona katika jumuiya zilizodumu.

Linganisha na vikundi vinavyoibuka pale halmashauri za Tanzania zinapotangaza mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti yapo, tena mengi: katiba, usajili, akaunti ya benki, idadi ya wanachama. Lakini yametoka nje ya kikundi, na yanatimizwa kwenye karatasi. Katiba inanakiliwa kwa jirani, jina la shangazi linaongezwa ili idadi itimie, na siku mkopo unapotoka wanachama ndipo wanapofahamiana. Karatasi zote ziko sawa, na bado hakuna aliyechujwa.

Tahadhari moja kuhusu ugumu kupita kiasi. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwachukua wanafunzi wa kike 63 wa chuo. Baadhi yao walipitishwa kwenye jaribio la aibu kabla ya kuruhusiwa kujiunga na mjadala, ambao kwa makusudi ulitengenezwa uwe wa kuchosha. Waliopitia aibu kubwa ndio walioupenda zaidi mjadala huo mbovu. Aliyeteseka kuingia hutafuta sababu ya kuamini kwamba ilistahili. Kwa hiyo wanachama kukipenda kikundi chao hakuthibitishi kwamba sharti lao ni zuri, na kauli ya "hata sisi tuliteseka" ndiyo inayofanya masharti ya hovyo yarithiwe kizazi hadi kizazi.

Tena mlango hauwezi kufanya kazi ya nyumba nzima. Mtu aliyeingia kwa uaminifu wote anaweza kuharibika baadaye: biashara inaanguka, ulevi unaanza, uongozi unampanda kichwani. Kwa hilo zipo faini na kanuni za kumtoa mtu. Vikundi vya hisa vina nafasi nyingine ambayo vyama vingi havina. Mzunguko ukiisha, baada ya miezi kama 12, kasha linafunguliwa, kila mtu anapokea akiba yake na faida, na hesabu inarudi sifuri. Kabla ya kuanza upya, orodha inasomwa jina kwa jina, na sharti la kujiunga linawahusu hata waasisi. Aliyechelewesha marejesho mara tatu huambiwa alete wadhamini wawili, wakati mgeni aliyemaliza mafunzo anadhaminiwa na mmoja tu.